Tulipona, Vinywa Vikafunga

Imesomwa Ifakara mbele ya Daktari Fulgence Mkude, siku ya kufunguliwa kwa kliniki ya ufuatiliaji wa wagonjwa wa saratani

Mgeni rasmi, Daktari Fulgence Mkude, mkuu wa idara ya tiba ya mionzi katika hospitali iliyotutibu;
Viongozi wa Halmashauri mliopo;
Watumishi wa afya wa bonde letu;
Mapadre, mashehe na wachungaji;
Ndugu wagonjwa, na ninyi mnaowauguza:

Wakubwa wetu wanakupa pole ya safari, na sisi wadogo tunakupa shikamoo.

KUKARIBISHA

Karibu Ifakara, Daktari. Tumeambiwa umepita barabara yote kutoka Kidatu mvua ikinyesha, na umekataa kupumzika kwanza ili sisi tusikae tukisubiri. Tunashukuru kwa heshima hiyo.

Anayesoma ni mimi, Scolastica Lihepa, mke wa mwenyekiti wa kikundi. Mwenyekiti wetu ni Melkiori Njohole, yule aliyekaa kiti cha kwanza kulia. Ilikuwa asome mwenyewe, maana sehemu kubwa ya risala hii ameiandika kwa mkono wake. Lakini akisoma aya mbili taya linakaza, na maneno yanatoka kama ya mtu aliyeuma kitambaa. Kwa hiyo amenituma nimsomee. Pale nitakaposema "mimi" badala ya "sisi", naomba radhi mapema.

Daktari, katika kikundi hiki tuko watu kumi na watatu tuliopigwa mionzi ya kichwa na shingo, na tisa kati yetu tulitibiwa na wewe na wenzako. Tuko hai. Tulitaka ulisikie hilo kwanza, kwa sababu yanayofuata ni magumu kuyasikia, na sisi tulioyapitia mpaka leo bado tunayashangaa.

SISI NI NANI

Kikundi chetu kinaitwa Vidole Vitatu. Tuko ishirini na mmoja: wagonjwa kumi na watatu na ndugu wanane wanaowauguza. Wengi ni wakulima wa mpunga, wawili ni wavuvi wa mto Kilombero, wawili wamefanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na mmoja ni mwalimu.

Jina letu linatokana na kipimo. Mtu mzima mwenye taya zima huweza kuingiza vidole vyake vitatu mdomoni, vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, katikati ya meno ya juu na ya chini. Tunawaomba wote mliokaa hapa mjaribu sasa hivi, hata wewe mgeni rasmi. Mtaona ni jambo dogo tu. Wanne kati yetu hatuwezi kuingiza hata kidole kimoja.

KILICHOTUPATA

Tumekubaliana kueleza habari ya mtu mmoja, kwa sababu za wengine zinafanana nayo, na kwa sababu yeye ameridhia.

Melkiori alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga Kiberege. Wanaomfahamu wanajua sauti yake. Mashine ikiunguruma, wengine wote wanaongea kwa ishara, yeye aliongea tu na ukamsikia. Mwaka juzi alianza kutokwa damu puani, sikio moja likaziba, kisha uvimbe ukatokea shingoni. Alipopelekwa kwenu mlisema ni saratani nyuma ya pua, na kwamba imewahiwa. Mlimpangia mionzi mara thelathini na tano, siku tano kwa wiki, wiki saba.

Alilala chini ya kile kinyago cha plastiki kinachoshikilia kichwa kisitikisike siku zote thelathini na tano bila kukosa hata moja. Wiki ya nne mdomo ulijaa vidonda, mate yakakauka, akawa anameza maji kama anameza mchanga. Hakuacha. Wiki ya saba ilipoisha, Daktari, ulimwita ofisini, ukampa mkono, ukamwambia maneno ambayo tuliyabeba mpaka Kiberege: "Mzee wangu, umemaliza kazi. Sasa nenda nyumbani ukapumzike."

Tuliporudia mistari hii kwenye kikao cha kuandaa risala, baadhi ya wenzetu walisema iondolewe, isije ikaonekana tumekualika ili tukuaibishe. Tukabishana sana. Melkiori akachukua kalamu, akaandika kwenye pembe ya karatasi: "Isomwe. Alisema kwa upendo." Ndiyo maana nimeisoma.

Basi tukaenda nyumbani tukapumzika. Tulipumzisha kila kitu, hata taya.

Hapa naomba niseme mimi. Nilimkataza mume wangu kuongea. Nilimwona akifungua mdomo anakunja uso kwa maumivu, nikamwambia, "Usiongee, niandikie." Nilimkataza kutafuna. Ugali niliuacha, nikampikia bokoboko, nikaponda ndizi, samaki nikamchambua mpaka akawa kama unga. Majirani walinisifu. Mama mkwe wangu alisema mwanawe amepata mke. Kumbe kila siku niliyompumzisha, nyama za taya zilizopita kwenye mionzi zilikuwa zinakauka na kukaza, na mimi ndiye niliyekuwa nazisaidia. Hilo nililijua baadaye, na nilipolijua sikula siku mbili.

Alimaliza mionzi mwezi wa sita. Mwezi wa nane alipiga miayo asubuhi, miayo ikakatikia katikati. Tulicheka. Mwezi wa tisa hakuweza kuuma muhogo. Mwezi wa kumi kijiko cha kulia kiligoma kupita, tukahamia kijiko cha chai. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa anakunywa uji kwa mrija, mrija wenyewe akiupitisha pale lilipokuwa limeng'oka jino zamani.

Tuliogopa saratani imerudi. Tulirudi kwenu kwa tarehe ya kadi, akaingizwa kwenye kipimo, tukaambiwa hakuna ugonjwa. Daktari kijana aliyetuona siku ile alitabasamu, akasema, "Hongereni, mmepona." Nikamuuliza, "Na mdomo?" Akasema ni kawaida baada ya mionzi, utaachia taratibu. Tulikuwa watu arobaini kwenye foleni. Sikuuliza tena.

Haukuachia. Siku ya Krismasi shemeji yangu Kassian, ambaye anampenda kaka yake kuliko anavyojipenda, hakuvumilia kumwona amekaa mezani na mrija. Alichukua mpini wa kijiko cha chuma, akauchomeka katikati ya meno, akasema, "Kaza roho kaka, naufungua mara moja." Meno mawili yalivunjika. Damu ilitoka, na baada ya hapo mdomo ulifunga zaidi. Kassian yupo hapa leo, na ni mwanakikundi. Ameniomba nimtaje.

Mwezi wa kwanza tulikuja hapa Ifakara kwa daktari wa meno. Alijaribu kila pembe, akashindwa kuingiza hata kioo chake kidogo. Alitupa dawa ya maumivu, akasema hawezi kutibu asichokiona. Tukatoka, tukaenda stendi kusubiri gari la Kiberege.

Daktari, yaliyotokea pale stendi ndiyo yaliyoanzisha kikundi hiki.

Mtu alimshika Melkiori bega. Alikuwa Nassib, mfanyabiashara wa mchele wa Mlimba. Tulimfahamu kwenu. Walipigwa mionzi wiki zile zile, mashine ile ile, kwa ugonjwa ule ule. Nassib aliingia saa mbili asubuhi na Melkiori saa tisa alasiri, lakini kila Ijumaa, siku ya kukuona wewe, walikaa benchi moja wakiongea habari za huku bondeni.

Nassib alikuwa ameshika hindi la kuchoma. Alikuwa analitafuna.

"Kaka Melki," alisema, "mbona unanijibu kwa kichwa?"

Melkiori akasema bila kuachanisha meno, "Mdomo umefunga."

Nassib akaacha kutafuna. "Umefunga kivipi? Vijiti vyako viko wapi?"

"Vijiti gani?" nikauliza mimi.

"Vijiti vya mdomo, shemeji. Vile vya Dada Agnetha."

"Agnetha ni nani?"

Nassib alitutazama kwa zamu, mimi kisha yeye, kama anatafuta nani kati yetu anatania. Akafungua mdomo wake. Akaingiza vidole vitatu, vikapita, chembe za mahindi bado ziko kwenye meno. Nilikaa chini pale pale, juu ya gunia la mtu.

"Nilidhani wote tumepewa," alisema. Alilisema hilo mara tatu au nne. "Kaka Melki, wallahi nilidhani wote tumepewa. Ningekuuliza. Tulikaa benchi moja wiki saba, ningekuuliza."

Akafungua begi lake. Ndani ya mfuko wa nailoni kulikuwa na vijiti vyembamba vya mbao, vile ambavyo madaktari hukandamizia ulimi. Alitueleza kwamba siku ya kwanza kabisa ya mionzi, kabla hajaingia kwenye chumba cha mashine, alikuja dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akampima mdomo kwa rula, akaandika namba. Akamwambia mionzi itakausha nyama za taya polepole, miezi na miezi baada ya kumaliza, na taya lisilofanyishwa kazi litafunga. Akamfundisha kufungua mdomo mpaka mwisho, kusogeza taya kushoto, kulia na mbele, kisha kupanga vijiti kimoja juu ya kingine kati ya meno mpaka asikie mvuto, ahesabu thelathini, apumzike, arudie. Mara kadhaa kwa siku, kila siku, hata vidonda vikiuma, na asiache baada ya kurudi nyumbani. Nassib alikuwa na vijiti ishirini na vitano. Melkiori, pale stendi, viliingia vitano.

Nassib alikuwa na namba ya Agnetha. Alimpigia, akaweka sauti ya nje. Agnetha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Mama, mzee alikuwa anaingia saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri."

Akarudia, "Saa tisa?" 

"Mimi saa saba natakiwa wodini," alisema. "Niliambiwa wagonjwa wote wa kichwa na shingo wamewekwa asubuhi. Sikujua kuna watu wa saa tisa."

Daktari, sisi si wataalamu. Tumeelezwa, na Agnetha mwenyewe amesema, kwamba miili haifanani, na wapo wanaofanya mazoezi yote na bado taya linakaza. Mwenzetu Dativa wa hapa Ifakara ni mmoja wao: hakukosa siku, na bado amepoteza theluthi ya mdomo wake. Hatusemi kwamba vijiti ni muujiza. Tunachosema ni kwamba katika watu wawili wa bonde moja na benchi moja, mmoja alipewa nafasi ya kujaribu na mwingine hakupewa, na kilichowatofautisha ni saa iliyoandikwa kwenye kadi.

Hatujui watu wa saa tisa walikuwa wangapi. Tulipoanza kujiuliza hivyo, ndipo hofu ilipotuingia vizuri.

Nassib alijaribu kukumbuka kila mtu wa huku aliyewahi kukaa naye Ijumaa. Akamkumbuka Amedeus, mkulima wa Masagati, mtu mpole aliyetibiwa saratani ya koromeo, naye alikuwa wa alasiri. Hakuwa na simu. Nassib, Melkiori na mimi tukapanda treni mpaka Mlimba, na kutoka pale tukachukua bodaboda kwenye matope mpaka Masagati. Tulibeba vijiti thelathini na rula.

Mke wake, Paulina, alitupokea. Alitusikiliza mpaka tukamaliza kueleza tulichokuja kufanya. Kisha akasema, "Mmechelewa wiki tatu."

Tulimpa pole, tukamuuliza ugonjwa ulirudi lini. Akasema hajui, lakini mtu akikonda vile ni saratani tu. Alitutolea mfuko wenye kadi za mumewe. Melkiori alizisoma, akanipa na mimi nisome, kwa sababu alidhani amekosea. Kadi ya mwisho, ya mwezi mmoja kabla ya kifo, iliandikwa kwamba hakuna dalili ya ugonjwa kurudi. Chini yake uzito: kilo thelathini na nne.

Paulina hajui kusoma. Alituuliza imeandikwa nini, na ilibidi tumwambie.

Alizirudisha kadi kwenye mfuko, moja moja. Halafu akasema, "Alikuwa ananiomba ugali. Kila siku ananiomba ugali. Nami namwambia subiri kwanza mdomo upone."

 

TULIYOYAFANYA

Tangu siku ile tumekuwa tukitafuta watu. Tumepita makanisani na misikitini, tumewaomba viongozi watutangazie: yeyote aliyepigwa mionzi ya kichwa au shingo aje tumpime mdomo. Hivyo ndivyo tulivyofika kumi na watatu. Tuna rula zetu na daftari la majina na namba, na kila Alhamisi Nassib anampigia kila mmoja simu. Simu ikipokelewa hasalimii kwanza, anauliza, "Leo umefungua mara ngapi?" Wengine wamemchoka, lakini wanapokea.

Agnetha anatusimamia kwa simu katika muda wake mwenyewe, baada ya kazi. Ametufundisha na yasiyofaa kufanywa. Hatutumii chuma wala hatumlazimishi mtu. Mtu akitokwa damu au maumivu yakizidi, tunasimama na kumpeleka hospitali. Na hakuna anayeng'oa jino kwenye taya lililopigwa mionzi kabla madaktari wake wa mionzi hawajaulizwa, kwa sababu mfupa ule hauponi kirahisi. Haya tulikuwa hatuyajui. Wengine wetu tulikuwa tumeshapanga kung'oa meno ya mbele ili chakula kipate njia.

Mwenzetu Beno wa Kiberege alitufikia wiki mbili tu baada ya kumaliza mionzi. Mdomo wake ulikuwa milimita thelathini na nane. Leo, mwaka mmoja baadaye, ni thelathini na saba. Anakula kila kitu, na anaongea kupita kiasi.

Mwenyekiti alianza na milimita tisa. Baada ya miezi kumi na minne ya kazi ya kila siku, leo ana kumi na saba. Kijiko cha chai kinapita. Mwezi uliopita alikula tonge la kwanza la ugali, dogo kama punje ya harage, na mimi nilitoka nje ili asinione. Agnetha hakutudanganya: nyama ikishakauka namna ile hairudi yote, pengine ataongeza kidogo, pengine hapo ndipo mwisho. Kazini hajarudi. Mashine anaiendesha mtu mwingine.

Na Paulina wa Masagati amejiunga nasi. Hana mgonjwa tena, lakini ndiye anayetembea vijiji vya kule kuulizia watu. Mmoja amempata yeye, bado akiwa na mdomo wa vidole viwili.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni kwamba watu wanaofika kwetu wanafika mdomo ukiwa umeshafunga. Mtu hawezi kutafuta msaada wa jambo ambalo hajaambiwa kwamba litakuja. Anapopiga miayo ikakatika anacheka, kama tulivyocheka sisi.

Pili, vituo vyetu vya huku havijui. Tunasema bila kumlaumu mtu. Mgonjwa akienda zahanati na mdomo uliofunga anadhaniwa ana pepopunda, au jino, au saratani imerudi. Wapo walioambiwa wamerogwa, na wakaenda kwa waganga.

Tatu ni umbali. Kutoka Masagati mpaka kwenu ni safari ambayo mtu mwenye kilo thelathini na nne hawezi kuirudia. Mvua zikishika, hata Mlimba hafiki.

Na nyingine tumejadili kama tuiandike. Ni aibu. Mtu aliyepona saratani anaona haya kulalamika. Amewaona wenzake wa benchi wakizikwa, halafu yeye aje aseme mdomo haufunguki? Anaona atakuwa hana shukrani. Amedeus alifika kwenu kwa tarehe ya kadi, lakini hakuuliza. Mke wake anasema alisema hivi: "Wamenipa uhai, nitawasumbuaje kwa habari ya ugali."

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, tunaomba kwanza kwamba asiingizwe mtu yeyote wa kichwa na shingo kwenye chumba cha mionzi kabla mdomo wake haujapimwa, na namba ikaandikwa kwenye kadi mahali inapoonekana, kama mnavyoandika uzito. Kila anaporudi apimwe tena. Namba ikishuka, mtu aulize kwa nini, siku hiyo hiyo.

Tunaomba mafunzo ya vijiti yafike asubuhi na alasiri. Tunajua Agnetha ni mmoja na wodi zinamwita. Kama mtaalamu wa pili hapatikani upesi, tunamtoa Nassib. Amekubali kuja kukaa na watu wa saa tisa, chini ya usimamizi wa Agnetha, kwa wiki mbili za kila mwezi, mpaka mtakapopata mtu. Anasema ana deni la benchi lile.

Tunaomba kliniki hii unayoifungua leo iwe na mtu aliyefundishwa jambo hili, na rula, na vijiti, na ruhusa ya kumpigia simu daktari wa mionzi bila kuandika barua.

Na tunaomba, Daktari, siku ile ya mwisho, unapompa mgonjwa mkono, umwambie apumzike, lakini asipumzishe taya. Wewe ukisema, mtu anafuata. Sisi tulifuata.

Kuna ombi moja zaidi, halimo kwenye nakala uliyopewa, kwa sababu tulilipata Alhamisi.

Yule dada mwenye kitenge cha kijani mstari wa pili ni Valeria, wa Mlimba. Ana miaka thelathini na moja. Ana ugonjwa kama wa Melkiori, na Jumatatu anaanza mionzi kwenu. Tumeiangalia kadi yake. Sehemu ya tarehe imejazwa, sehemu ya saa bado iko wazi.

Asubuhi ya leo, kabla hujafika, tulimpima. Melkiori ndiye aliyeshika rula, na mimi niliandika. Kinywa cha Valeria kina milimita arobaini na nne. Baada ya kupimwa alikula muhogo wa kukaanga mbele yetu, akaanza kuona aibu kwa sababu sote tulikuwa tunamtazama anavyotafuna.

Valeria, dada yetu, tunaomba usimame ili mgeni rasmi akuone.

Daktari, saa yoyote itakayoandikwa kwenye kadi ile, tunakukabidhi mtu huyu na namba yake. Hatutaki ahadi mbele ya watu. Tunaomba tu uichukue karatasi hii, yenye jina lake na arobaini na nne, uiweke mfukoni. Mwakani tarehe kama ya leo tutampima tena hapa hapa, na tutakuandikia tulichokikuta.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa wagonjwa wako wanaokusubiri, aiongoze mikono ya wote mnaofanya kazi pale, amlaze Amedeus mahali pema, na ampe Valeria kumaliza siku zake thelathini na tano.

Ni sisi, mbele yako,
Kikundi cha Vidole Vitatu,
Ifakara, Bonde la Kilombero.